Kubadilisha giaboksi ya otomatiki nyumbani: Mambo ya kuzingatia kabla ya kushika spana

Toyota Corolla ya NZE121, ambayo wengi huiita NZE tu, bado inaonekana kila pembe ya kaunti ikibeba mboga, wanafunzi na maharusi. Gari hili lilianza kutengenezwa mwaka 2000. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limepita miaka 8, NZE121 zilizoko barabarani zimekaa nchini muda mrefu. Mara nyingi injini huwa bado ina nguvu, lakini giaboksi ya otomatiki imechoka. Dereva anaweka D, gari linachelewa kuondoka. Anakanyaga mafuta, injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki.

Wamiliki wengine huamua kununua giaboksi iliyotumika kutoka Japani na kuifunga wenyewe nyumbani. Mtu aliyezoea spana anaweza kuifanya kazi hii. Hata hivyo, kuna sehemu tatu ambapo kosa dogo hugharimu pesa nyingi, au maisha: kutambua tatizo, kuinua gari, na kuunganisha giaboksi na injini.

Je, giaboksi ndiyo mbovu?

Si kila gari linalokataa kushika gia linahitaji giaboksi nyingine. Kwanza ipimwe oili. Gari liegeshwe mahali tambarare baada ya kuendeshwa hadi lipate moto, injini ikiwa inanguruma polepole. Mguu ukiwa kwenye breki, mkono wa gia upitishwe P, R, N, D na kurudishwa P. Kisha kijiti cha kupimia kipanguswe, kirudishwe na kutolewa tena.

Oili nzuri huwa nyekundu na inapitisha mwanga. Ikiwa imepungua, itafutwe inakovujia kabla ya kuongezwa. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, sahani za ndani zimeungua na kubadilisha oili pekee hakutaziponya. Vilevile, zikaguliwe plagi za nyaya, waya wa ethi, kebo ya mkono wa gia na vichwa vya betri, kisha fundi mwenye kompyuta ya kupimia asome makosa yaliyohifadhiwa kwenye gari. Wapo waliotoa giaboksi nzima wakagundua baadaye kuwa shida ilikuwa waya uliokatika.

Kununua inayolingana

Bamba la chuma lililobandikwa kwenye gari na kiwanda lina mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Kwa NZE121 nyingi zenye injini ya 1NZ-FE na zinazovutwa na magurudumu ya mbele, namba ya giaboksi huanza na U340E, yenye gia 4. Ile ya gari linalovutwa na magurudumu yote manne ni tofauti na haitaingia. Muuzaji aonyeshwe picha ya bamba hilo, na makubaliano ya kurudisha kifaa kikikataa kufanya kazi yaandikwe kwenye risiti.

Gari juu ya stendi

Giaboksi hii pamoja na konvata yake ina uzito unaozidi mfuko wa saruji wa kilo 50. Ikimwangukia mtu kifuani akiwa amelala chini ya gari, hataweza kuisukuma peke yake. Kwa hiyo kazi ifanywe na watu wasiopungua wawili, mchana, juu ya sakafu ngumu na tambarare. Udongo hudidimia.

Jeki ni ya kuinulia tu. Gari likishainuka, liwekwe juu ya stendi za chuma zinazoweza kubeba uzito wake, kwenye sehemu zilizoonyeshwa na kitabu cha gari. Matofali, mawe na magogo hupasuka au kuteleza bila onyo. Kabla ya mtu kuingia chini, gari lisukumwe kwa nguvu kutoka ubavuni. Likitikisika, lishushwe na kuinuliwa upya.

Jambo moja husahaulika na wengi. Gari likiwa kwenye P, kinachozuia magurudumu ya mbele yasizunguke ni giaboksi. Shafti zikishatolewa, P haishiki chochote. Breki ya mkono ivutwe na magurudumu ya nyuma yawekewe kabari mbele na nyuma kabla ya kazi kuanza.

Kutoa giaboksi kuukuu

Waya wa hasi wa betri utolewe kwanza. Kila plagi ipigwe picha kwa simu na kuwekewa alama kabla ya kuchomolewa. Oili imwagwe ndani ya chombo safi, kisha zitolewe betri na sinia yake, boksi la kichujio cha hewa, kebo ya gia, stata, mipira ya kupozea oili na shafti mbili za magurudumu.

Mauntingi za giaboksi husaidia kushikilia injini pia. Kabla ya kuzifungua, injini ishikiliwe kutoka juu kwa mwamba wa chuma na mnyororo. Boliti zinazofunga konvata kwenye flaiwili zifunguliwe moja baada ya nyingine kwa kuzungusha injini kwa spana. Giaboksi ikitoka, konvata itoke nayo.

Konvata ikae hadi mwisho

Hapa ndipo giaboksi nzuri huharibiwa kabla haijatembea hata mita moja. Konvata haina budi kuingia hadi kwenye meno ya pampu ya oili. Isukumwe taratibu huku ikizungushwa. Itazama hatua kwa hatua, mara nyingi kwa mlio mdogo, hadi iwe ndani kabisa ya mdomo wa giaboksi. Rula ndefu ilazwe juu ya mdomo huo na kina kipimwe, kisha kilinganishwe na kipimo cha kitabu cha ufundi.

Wakati wa kuunganisha, giaboksi na injini zigusane kwa kusukumwa na mikono. Ikiwa nafasi imebaki, kazi isimame na konvata ikaguliwe upya. Anayeivuta kwa kukaza boliti huvunja pampu, na hasara yake ni giaboksi nzima.

Wakati huu pia ni wa kubadilisha sili za shafti na ile ya nyuma ya injini. Mipira na sehemu ya redieta inayopoza oili isafishwe, kwa kuwa chembe za chuma kutoka giaboksi ya zamani zitaiua mpya.

Oili na majaribio

Giaboksi ya U340E katika gari hili hutumia oili ya T-IV. Oili ya CVT isitiwe kamwe. Ijazwe kidogo kidogo huku ikipimwa, kwa kuwa konvata hunywa oili injini ikiwashwa. Mguu ukiwa kwenye breki, gia zote zipitishwe na uvujaji ukaguliwe. Injini iwake kwenye P na N pekee. Ikiwaka kwenye D au R, gari lisiingie barabarani hadi hilo lirekebishwe. Safari ya kwanza iwe fupi, kisha oili ipimwe tena.

Oili chafu isimwagwe mtaroni, shambani au mtoni. Ni taka hatari. Iwekwe kwenye mtungi unaofungwa na kupelekwa kwa karakana inayokabidhi oili yake kwa wasafirishaji wenye leseni ya NEMA.

Mkazi asiye na stendi imara, mahali tambarare au mtu wa kumsaidia ampelekee fundi kazi hii. Ana haki ya kumwomba fundi huyo cheti chake cha ufundi, kama vile kile cha majaribio ya NITA, na kurudishiwa giaboksi yake ya zamani. Vijana wanaotaka kujifunza kazi hii kwa utaratibu waulize kuhusu kozi za ufundi wa magari katika vyuo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti.