Kimondo cha Mbozi na Waliokihifadhi

Mwanafunzi wa sekondari aishiye Tunduma ana bahati ambayo wanafunzi wa miji mingi mikubwa ya dunia hawana. Akiifuata barabara kuu iendayo Mbeya, akapita Vwawa, kisha akaiacha barabara hiyo na kuingia ndani zaidi ya kilometa 10 hadi Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi wilayani Mbozi, atakikuta kipande kikubwa cha chuma kilichotoka angani kikiwa palepale kilipokutwa. Huko ng'ambo nilikosomea niliona vimondo vingi, lakini vyote vilikuwa ndani ya makabati ya vioo, kila kimoja na kibandiko kinachotaja mahali kilikotolewa. Makala haya yanaeleza kimondo cha Mbozi ni kitu gani. Yanaeleza pia jambo ambalo vitabu vya fizikia hulipita haraka, yaani ilikuwaje kikabaki pale.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo Kiswahili huyaita kwa jina moja. Ule mwali upitao angani usiku kwa nukta chache huitwa kimondo, na jiwe au chuma kifikacho ardhini huitwa kimondo vilevile. Mwali hutokea wakati kitu kitokacho angani kinapoingia katika hewa yetu kwa kasi ya kilometa nyingi kwa sekunde, kikaunguza uso wake. Vitu vingi vya namna hiyo ni vidogo kama punje ya mchanga na huteketea juu huko. Vichache hufika chini, na vingi kati ya hivyo ni vya mawe. Vya chuma ni vichache zaidi.

Kimondo cha Mbozi ni cha chuma. Uchunguzi wa kikemia ulionyesha kuwa karibu asilimia 90 ni chuma na karibu asilimia 9 ni nikeli, pamoja na shaba, fosforasi na salfa kwa kiasi kidogo mno. Hiyo nikeli ndiyo hati ya asili yake, kwa kuwa chuma cha udongoni petu hupatikana kikiwa kimeungana na oksijeni, wala hakichanganyiki na nikeli kwa kadiri hiyo. Wataalamu huamini kwamba vimondo vya chuma ni mabaki ya viini vya sayari ndogo zilizoundika kiasi cha miaka milioni 4,500 iliyopita, zikapoa polepole, kisha zikagongana na kuvunjika.

Habari zake ziliingia katika maandishi ya sayansi mwaka 1930, baada ya mpima ardhi aitwaye W. H. Nott kukiona. Wenyeji walikijua zamani kabla yake, na inasemekana kilizungukwa na miiko. Hapa nataka mwalimu wa historia asimame kidogo. Wanyiha wa Mbozi walikuwa wafua chuma hodari, wenye tanuu ndefu za kuyeyushia mawe ya chuma kwa makaa. Watu hao waliishi jirani na tani nyingi za chuma kisichohitaji kuyeyushwa, nacho kikabaki kizima. Miiko huenda ilichangia. Lakini hata bila mwiko, bonge la chuma na nikeli halivunjiki kwa nyundo kama jiwe, wala haliingii katika tanuu.

Ugumu wake ulidhihirika Desemba mwaka huohuo wa 1930. Dkt. Grantham wa Idara ya Jiolojia alitaka sampuli ya uchunguzi, na kazi ya kukata sentimeta 10 tu kwa msumeno wa chuma ilichukua saa kumi. Mwanzoni sehemu kubwa ya kimondo ilikuwa imefukiwa. Udongo ulichimbwa kukizunguka, ikaachwa nguzo chini yake ili kikae juu yake, na baadaye nguzo hiyo ikaimarishwa kwa saruji. Ukikitazama upande uliochongoka utaona pia makovu yasiyo ya sayansi: ni alama za watu waliojaribu kubandua vipande vya kwenda navyo kama kumbukumbu.

Makovu hayo yanatufikisha kwenye sheria. Tanganyika ilipata sheria ya kuhifadhi majengo na mahali pa kale mwaka 1937, lakini Idara ya Mambo ya Kale yenyewe haikuanzishwa hadi mwaka 1957, Neville Chittick akiwa mhifadhi wake wa kwanza. Jina lake hutajwa zaidi pamoja na magofu ya Kilwa Kisiwani aliyoyachimbua kwa miaka kadhaa. Baada ya uhuru ikatungwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na chini ya sheria hiyo kimondo cha Mbozi kilitangazwa mwaka 1967 kuwa kumbukumbu inayolindwa. Idara iliyozoea misikiti, makaburi na michoro ya mapangoni ikawa mlinzi wa kitu ambacho hakuna mkono wa mtu uliokifanya. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa busara kubwa, ingawa haupewi sifa kama ugunduzi wa Olduvai.

Thamani ya uamuzi huo huonekana tukilinganisha na mengine. Mifupa ya dinosaria mkubwa wa Tendaguru, mkoani Lindi, ilichimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, na mpaka leo imesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin. Kimondo kikubwa cha Greenland, chenye tani zipatazo 31, kilichukuliwa na Robert Peary mwaka 1897, nacho kiko New York. Kinyume chake, kimondo cha Hoba nchini Namibia, kikubwa kuliko vyote vijulikanavyo, kimebaki mahali pake kama cha kwetu.

Pengine msomaji atauliza: kuna hasara gani kisayansi chuma kilekile kikiwekwa Berlin? Hasara ipo, kwa sababu mahali penyewe ni sehemu ya ushahidi. Ndolezi hakuna shimo lililosababishwa na mgongano. Huenda kimondo kilianguka maelfu mengi ya miaka iliyopita, na mvua na udongo vikalifuta shimo. Huenda pia hewa ilipunguza kasi yake mno kabla hakijagusa ardhi. Swali hilo haliwezi kuulizwa mbele ya kabati la kioo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2020 usimamizi wa eneo hilo ulikabidhiwa Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro, na tarehe 30 Juni, Siku ya Vimondo Duniani, imekuwa ikiadhimishwa huko Mbozi.

Walimu watakaopeleka wanafunzi Ndolezi wachukue kamba, rula na dira. Uzito wa kimondo hicho hutajwa kuwa tani 16, lakini yako makadirio ya tani 12 na hata 25. Tofauti hiyo isiwashangaze. Chukua uzito wa tani 7.8 kwa kila meta ya ujazo: tani 16 zinahitaji ujazo wa meta 2 hivi. Sasa mwanafunzi akizidisha urefu, upana na kimo kwa sehemu moja tu ya kumi kila kimoja, ujazo wake utazidi kwa theluthi nzima, na tani 16 zitakuwa 21. Kimondo kina urefu wa meta 3 hivi na hakina upande hata mmoja ulionyooka. Kila kundi lipime upana na kimo mahali patano tofauti, litafute wastani, kisha lilinganishe jibu lake na la kundi jingine. Dira nayo ianze kusomwa meta kumi kutoka kwenye kimondo, isogezwe hatua kwa hatua, na pembe iandikwe kila hatua mpaka sindano ianze kupotoka.