Kupima Mwendo wa Ufa: Somo kutoka Ziwa Nyasa

Msafiri wa majini atokaye Mbaha kuelekea Matema hupita mdomo wa Mto Ruhuhu, kisha huiona Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta kando ya Ziwa Nyasa. Ukuta huo umefanywa na ufa mkubwa: upande wa milima umeinuka na upande wa ziwa umedidimia. Je, pande hizo huachana kwa kasi gani? Jibu la swali hili hutusaidia kukadiria jinsi matetemeko makubwa yanavyopishana.

Kanuni yake ni nyepesi:

kasi = umbali wa mtelezo ÷ umri wa alama.

Alama ni kitu kilichokuwa kimoja kabla ya kukatwa na ufa. Mfano maarufu ni kijito cha Wallace Creek huko California, Marekani. Ufa wa San Andreas huteleza kwa upande, nao umekisogeza kijito hicho kiasi cha mita 130. Kwa kupima kaboni ya 14 katika makaa yaliyofukiwa humo, wanajiolojia walipata umri wa miaka 3,700 hivi. Basi kasi yake ni milimita 35 kwa mwaka.

Ufa wa Livingstone huteleza hasa kwa kwenda juu na chini, lakini kanuni ni ile ile. Alama yetu ni miamba ya kale. Milimani imepanda zaidi ya mita 1,500 juu ya ziwa. Upande wa pili imezama chini ya maji ya kina cha mita 500 hivi, na chini ya mashapo yenye unene unaozidi kilomita 4. Jumla ni kilomita 6 au zaidi. Majivu ya volkeno ya kale kaskazini mwa ziwa yana umri wa miaka milioni 8.6 hivi. Tukichukua kwamba bonde lilianza kufunguka wakati huo, tunapata:

milimita 6,000,000 ÷ miaka 8,600,000 = milimita 0.7 kwa mwaka.

Huu ni wastani tu. Ufa haunyiririki kila siku. Hushikamana kwa karne nyingi, kisha huruka ghafla. Ikiwa kila mruko ni wa mita 2, basi mtelezo huo huhitaji miaka 2,900 hivi kujikusanya. Hakuna masimulizi ya wazee yanayofika mbali kiasi hicho. Kwa hiyo, kusema "hapa halijatokea tetemeko kubwa" si ushahidi kwamba ufa umekufa. Mwaka 1910 tetemeko la ukubwa wa 7.4 hivi lilitikisa eneo la Rukwa. Desemba 2009 mfululizo wa matetemeko ulibomoa nyumba nyingi Karonga, ng'ambo ya ziwa. Anayejenga shule au zahanati mwambaoni aukumbuke umri wa ufa, wala si umri wa kijiji peke yake.

Zoezi

1. Ufa umekisogeza kijito mita 45 katika miaka 9,000. Tafuta kasi yake kwa milimita kwa mwaka.

2. Ikigunduliwa kwamba umri wa kweli wa kijito hicho ni nusu ya huo, kasi itabadilikaje? Eleza kwa nini kupima umri kunahitaji uangalifu sawa na kupima umbali.