Kihisi Laini cha Kanieneo: Somo la Penseli na Karatasi

Tarehe 20 Januari 2025 ilitangazwa kuwa ugonjwa wa Marburg umezuka wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Hadi tarehe 13 Machi, ulipotangazwa kwisha, watu 10 walikuwa wamefariki. Ugonjwa huu huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa. Kwa hiyo muuguzi ashikapo mkono wa mgonjwa kuhesabu mapigo ya moyo, huikaribia hatari. Wataalamu wanatafiti ukanda laini ambao, ukishabandikwa mara moja juu ya ngozi, utayapima mapigo hayo wenyewe. Ukanda huo ni kihisi cha kanieneo.

Kanieneo ni kani igawanywayo kwa eneo. Kani ya nyutoni 1 ikikandamiza sentimita mraba 1 huleta kanieneo ya paskali 10,000. Mshipa wa damu hukandamiza ngozi kwa kiasi kidogo zaidi. Hivyo kihisi hakina budi kuwa chembamba na chepesi kuitika.

Hapo ndipo grafini inapofaa. Hii ni tabaka la kaboni lenye unene wa atomi moja tu, nayo hupitisha umeme vizuri. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, wa Chuo Kikuu cha Manchester, waliibandua kutoka katika grafiti kwa utepe wa gundi. Mwaka 2010 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Grafiti hupatikana nchini Tanzania, kwa mfano Mahenge, mkoani Morogoro. Hupatikana pia katika kila penseli: ijapokuwa wengi huiita kalamu ya risasi, ndani yake hamna risasi, bali grafiti iliyochanganywa na udongo.

JARIBIO. Shule yoyote ya Ngara au Biharamulo yenye omita yaweza kulifanya. Paka kwa penseli laini mstari mzito wenye urefu wa sentimita 5 na upana wa sentimita 1. Unganisha omita katika ncha zake, kisha soma ukinzani. Pinda karatasi polepole, mstari ukiwa upande wa nje: vipande vya grafiti huachana na ukinzani huongezeka. Pinda upande wa pili: vipande husongamana na ukinzani hupungua.

Kihisi laini hufuata kanuni iyo hiyo. Tabaka mbili za mpira zenye vinundu vidogo hupakwa grafini na kuelekezana. Zikikandamizwa, vinundu vingi zaidi hugusana, njia za umeme huongezeka, na ukinzani hushuka. Hata hivyo, joto, jasho na kupindwa mara nyingi huweza kupotosha kipimo. Ndiyo sababu kila kihisi hulinganishwa kwanza na uzito unaojulikana kabla ya kuaminiwa kwa mgonjwa.

MASWALI
1. Kani ya nyutoni 2 ikikandamiza sentimita mraba 4, kanieneo ni paskali ngapi?
2. Kwa nini mstari mwembamba wa penseli una ukinzani mkubwa kuliko mstari mpana wa urefu uleule?