Mawe katika Mfuko wa Nyongo: Tuyasikilize Maumivu Kabla ya Kuitazama Picha

Katika zahanati na vituo vyetu vya afya, mtu anayelalamikia maumivu ya sehemu ya juu ya tumbo aghalabu huondoka na jina moja la ugonjwa: vidonda vya tumbo. Hupewa omeprazoli, akirudi huongezewa dawa za kuua bakteria, akirudi tena huandikiwa dozi nyingine. Baadhi yao wana vidonda kweli. Wengine wana mawe katika mfuko wa nyongo, na miaka hupita bila mtu kuwauliza maswali machache ambayo yangeutenganisha ugonjwa mmoja na mwingine. Kwa upande wa pili, wapo waliopimwa altrasaundi kwa sababu nyingine kabisa, wakaambiwa wana mawe, nao wakaishi na hofu ya kisu ambacho yamkini hawatakihitaji maishani mwao. Makosa haya mawili yana chanzo kimoja: kutoyapa uzito maelezo ya mgonjwa.

Jinsi mawe yanavyojijenga

Ini hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja ya nyongo kwa siku. Sehemu ya nyongo hiyo huhifadhiwa katika mfuko mdogo ulio chini ya ini, wenye ujazo wa mililita 30 hadi 50, ambao huifyonza maji na kuikoleza. Tukila chakula chenye mafuta, mfuko hujikamua na kuisukuma nyongo kupitia mrija hadi katika utumbo mwembamba, ili isaidie kuyasaga mafuta hayo.

Lehemu, yaani kolesteroli, ikizidi kiasi ambacho nyongo inaweza kukiyeyusha, huganda na kuwa chembechembe, nazo hukua kuwa mawe. Hali hii huwapata zaidi wanawake, hasa waliokwisha kuzaa, watu waliopita miaka 40, wenye uzito uliozidi, wenye ndugu waliougua, na hata waliopungua uzito kwa kasi kubwa. Aina nyingine ni mawe meusi yatokanayo na bilirubini, ambayo ni mabaki ya rangi ya damu baada ya chembe nyekundu kuvunjika. Kwa kuwa ugonjwa wa selimundu huzivunja chembe hizo kwa wingi, mtoto mwembamba mwenye selimundu naye anaweza kuwa na mawe. Mtoto wa namna hii akiumwa tumbo upande wa kulia, tusiharakishe kusema kuwa ni maumivu ya kawaida ya selimundu.

Maumivu yenye sura yake

Jiwe likiziba mdomo wa mfuko wakati mfuko unajikamua, huleta maumivu yenye sura inayotambulika. Huanza kwenye chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia, hupanda kwa haraka, kisha hukaa palepale kwa ukali uleule. Hudumu angalau nusu saa na pengine saa kadhaa, ndipo hutulia. Mara nyingi huchomoza mgongoni au chini ya kombe la bega la kulia, huambatana na kichefuchefu, na hupenda kuja baada ya mlo wa mafuta au usiku. Kati ya shambulio moja na jingine, mgonjwa huwa mzima kwa wiki au miezi.

Maumivu ya vidonda huwa ya kuchoma, hurudi siku hata siku, na aghalabu hubadilika kwa chakula au dawa za kupunguza asidi. Tujaalie mama wa miaka 42 ambaye ametumia omeprazoli kwa miaka miwili. Akiulizwa, anasema maumivu humjia mara moja kwa mwezi au miwili, humwamsha usiku, humkaa saa tatu, na dawa haijawahi kuyazuia. Maelezo hayo peke yake yanatosha kumwandikia altrasaundi.

Lakini tumbo kujaa gesi, kucheua na kiungulia si dalili za kutegemewa za mawe. Mtu mwenye malalamiko hayo tu akiondolewa mfuko wa nyongo, ana uwezekano mkubwa wa kubaki nayo.

Uchunguzi

Mhudumu aweke vidole chini ya mbavu za kulia na kumwomba mgonjwa avute pumzi kwa nguvu. Pumzi ikikatika ghafla kwa maumivu, tushuku kuwa mfuko umevimba. Alama hii inaitwa kwa jina la John B. Murphy, daktari mpasuaji wa Chicago. Vipimo vya damu huangalia chembe nyeupe, kazi ya ini, bilirubini na kimeng'enya cha kongosho.

Altrasaundi ndicho kipimo cha kwanza: haina mionzi, hupatikana katika hospitali nyingi za wilaya, na huyaona vizuri sana mawe yaliyo ndani ya mfuko. Mgonjwa afunge kula kwa saa sita hadi nane ili mfuko ujae. Ila kipimo hiki kinaweza kulikosa jiwe lililoteremka kwenye mrija. Kwa hiyo, mrija ukionekana umepanuka, au vipimo vya ini vikiwa si vya kawaida, mgonjwa apelekwe penye MRI au endoskopi maalumu ya mrija wa nyongo.

Dalili zisizosubiri

Mgonjwa afike hospitali siku hiyohiyo akiwa na lolote kati ya haya:
- maumivu yanayozidi saa sita, au yenye homa;
- macho kuwa ya manjano, mkojo kuwa na rangi ya chai iliyokolea, au kinyesi kupauka;
- homa ya kutetemeka pamoja na umanjano, dalili ya maambukizi katika mrija, ambayo huweza kuua kwa muda mfupi;
- maumivu makali yanayopenya hadi mgongoni pamoja na kutapika mfululizo, dalili ya kongosho kuvimba.

Kabla ya rufaa, mgonjwa wa namna hii awekewe dripu, apewe dawa ya maumivu, na akiwa na homa aanzishiwe antibiotiki.

Nani afanyiwe upasuaji?

Asiye na dalili, kwa kawaida haondolewi mfuko. Watu wengi wenye mawe, takribani wanne kati ya watano, hawapati dalili kamwe. Huyu aelezwe dalili za hatari na aachwe aendelee na shughuli zake. Wachache hujadiliwa na bingwa hata bila dalili, kama vile mwenye jiwe linalozidi sentimita 3, mwenye mfuko ulioganda chokaa, na mgonjwa wa selimundu.

Aliyekwisha kupata maumivu halisi, ashauriwe kuuondoa mfuko, kwani mashambulio huelekea kurudi. Wakati akingoja, apunguze vyakula vya kukaangwa; hilo hupunguza mashambulio, lakini haliyeyushi mawe. Sindano ya diklofenaki hutuliza vizuri, isipokuwa kwa wenye figo dhaifu, wenye vidonda vya tumbo na wajawazito wa miezi ya mwisho.

Mfuko ukiwa umevimba, upasuaji wa mapema, hasa ndani ya siku chache za kwanza, ni bora kuliko kumrudisha mgonjwa nyumbani angoje wiki kadhaa.

Upasuaji huu si jambo geni. Carl Langenbuch aliuondoa mfuko wa nyongo kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1882, na mwaka 1985 Erich Mühe, Mjerumani pia, aliuondoa kwa njia ya matundu madogo. Njia hiyo humwezesha mgonjwa kurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili. Pasipo na vifaa vyake, upasuaji wa wazi bado ni tiba kamili. Ini huendelea kutoa nyongo, nayo hutiririka moja kwa moja utumbomo. Wachache huharisha kwa muda. Walio wengi hurudia chakula chao cha kawaida.

Vipi kuhusu dawa za kuyeyusha? Zipo, lakini hufaa kwa mawe madogo ya lehemu tu, hutumiwa kwa miezi mingi, na mara nyingi mawe hurudi. Kuhusu kunywa mafuta ya zeituni na limao ili "kuyasafisha" mawe, vidonge vya kijani vinavyotoka chooni vilipopimwa maabara vilionekana kuwa aina ya sabuni iliyojitengeneza tumboni kutokana na mafuta hayo. Mawe hubaki yalipo, na mgonjwa huamini amepona hadi siku macho yatakapogeuka manjano.

Mhudumu mwenzangu, kabla ya kuandika dozi ya tatu ya vidonda, uliza: maumivu huanza lini, hukaa muda gani, huchomoza wapi, na dawa imesaidia nini? Nawe mgonjwa, ukiambiwa una mawe, uliza: je, ndiyo yanayoniumiza? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua tiba.