Mweleze daktari na habari za yule wa kwanza

Mdogo wangu wa Bariadi, barua yako nimeisoma. Mtoto akilala bila kula, alfajiri unamkuta amelegea, jasho linamtoka, siku nyingine degedege; ukimpa uji wa sukari anachangamka. Yule wa kwanza alianza hivyohivyo, ukamzika. Sasa mama mkwe anataka mwende kwa mganga, na jirani anakwambia umwachishe maziwa.

Usimwachishe chochote kabla hajapimwa. Kwetu Simiyu degedege mara nyingi huja na malaria, na malaria yenyewe hushusha sukari ya damu, kwa hiyo apimwe hiyo kwanza. Isipoonekana, na hali ikajirudia kila akikaa na njaa, omba apimwe sukari akiwa bado amelegea. Ni tone moja la damu, halimcheleweshi tiba, na namba yake ikiandikwa kwenye kadi ya kliniki itasema zaidi kuliko mimi na wewe. Kisha omba rufaa: hospitali ya mkoa pale Nyaumata, ikibidi Bugando kule Mwanza.

Yapo magonjwa adimu ya kurithi ambayo mwili hukosa kimeng'enya cha kushughulikia chakula fulani. Mengi hutoka kwa wazazi wote wawili, wazima kabisa, kila mmoja amebeba kasoro bila kujua. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Mama mkwe akikulaumu, mwambie na mwanawe yumo.

Tiba yake kubwa ni chakula, ila kila ugonjwa na chakula chake. Mwenye galaktosemia hata maziwa ya mama humdhuru. Mwenye fenilketonuria hupunguziwa sana nyama, dagaa, maharage na karanga. Wengine ini lao ni kihenge kilichojaa na ufunguo umepotea: sukari imo, haitoki. Kwa hao, mwaka 1984 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba wanga mbichi wa mahindi, konflawa iliyokorogwa kwenye maji baridi, huachia sukari polepole kwa saa kadhaa. Ukiupika unameng'enywa upesi mno. Dona haiwi badala yake, na kiasi hupangwa na daktari kwa kilo za mtoto, basi usijaribu jikoni.

Na usione haya kuwasumbua madaktari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kule Birmingham, Uingereza, mama wa mtoto mwenye fenilketonuria aliambiwa hakuna tiba. Kila asubuhi akawa anamngojea daktari Horst Bickel mlangoni mwa maabara, mpaka daktari huyo na wenzake wakatengeneza chakula cha kwanza cha ugonjwa huo.

Kwa sasa asilale na njaa. Mwamshe usiku ale. Akitapika akashindwa kula, hospitali siku hiyohiyo. Akizimia usimmiminie kitu mdomoni. Andika alichokula na saa aliyolegea. Nauli ya kupitia Lamadi hadi Mwanza muitenge sasa, isingoje pesa ya pamba.