"Kali Sana, Kaka!" Haitoshi: Tujifunze Kupeana Mrejesho wa Picha



Leo tuongee kuhusu kitu ambacho wengi wetu tunakifanya karibu kila siku: kupiga picha, kuziediti, halafu kuwatumia wenzetu watuambie wanazionaje. Wachache wetu tuna kamera, wengi tuna simu tu. Hakuna aliyetuajiri. Tunapiga harusi ya shangazi, mechi ya mtaani, kwaya ikiimba, mvua ikinyesha. Kwa hiyo usidhani somo hili ni la mafundi wenye studio. Ni letu sisi.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Nikiwa likizo niliombwa nipige picha za watoto wa Komunyo ya Kwanza. Nilifurahi, nikajiona fundi kweli kweli. Mwanga wa kanisani ulikuwa wa shida: madirisha makubwa nyuma, taa za tyubu juu, na watoto wote wamevaa nyeupe. Nyuso zao zikatoka na giza, macho hayaonekani. Usiku nikakaa na simu, nikatafuta filta moja ya kung'arisha na kulainisha ngozi, nikaipitisha kwenye picha zote. Na ili simu isijae, nikahifadhi juu ya picha zilezile za mwanzo.

Kabla ya kuzigawa, niliwatumia rafiki zangu watatu wanaopenda picha kama mimi. Majibu yalikuja haraka. "Kali sana, kaka!" "Umeua!" Wa tatu alituma alama za moto tu. Nikalala usingizi mtamu.

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, mama mmoja akanisogelea. Alinisalimia na kunishukuru kwanza. Kisha akasema taratibu: "Frateri, picha ni nzuri. Ila mwanangu ananiuliza, kwa nini umemfanya mweupe? Anasema, kwani alivyo hakupendeza?"

Sikuwa na jibu. Nilitamani nimpe picha ya mwanzo, lakini nilikuwa nimeshaifuta kwa mikono yangu. Na Komunyo ya Kwanza hairudiwi. Nilipowasimulia wenzangu, mmoja akaniambia, "Mimi niliona kabisa. Niliogopa kukukwaza."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike somo hili.

1. Sifa tupu sio mrejesho

Kiukweli, yule rafiki yangu hakuwa na nia mbaya. Sisi tumelelewa kuwa waungwana, na kumwambia mtu kazi yake ina kasoro tunaona ni kumvunjia heshima. Lakini angenitumia maneno manne tu, "Mbona ngozi zao umezibadilisha?", yule binti asingeulizia sura yake kwa uchungu namna ile.

Kuna wenzetu pia walioangukia upande wa pili. Mtu anaonyeshwa picha anajibu, "Mbaya, futa." Huyo naye hajasaidia kitu. Mpiga picha anabaki na kidonda, na kesho atarudia kosa lilelile kwa sababu hakuambiwa ni nini hasa kilichoharibika.

Mrejesho wa kweli una sehemu tatu: unachokiona, kinachokufanyia wewe mtazamaji, na kinachoweza kujaribiwa. Kwa mfano: "Naona nguzo inatokea juu ya kichwa cha bibi. Jicho langu linakwenda kwenye nguzo kabla ya uso wake. Ukisogea hatua mbili kushoto, nguzo itakwenda pembeni." Hapo mtu ana kazi ya kufanya. Na kizuri nacho kitajwe kwa namna hiyohiyo. Usiseme "nzuri" ukaishia hapo. Sema, "Ule mwanga wa mlangoni uliouacha uangukie mikono yake umenifanya nitazame tena."

2. Maswali matatu ya kuiuliza picha

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, hakuwahi kuona kamera. Lakini katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, anataja mambo matatu yanayohitajika ili kitu kiwe kizuri: ukamilifu, uwiano na mng'ao. Darasani niliyasoma kama nadharia. Siku hizi nayatumia kutazama picha, na yananisaidia kujua niseme nini.

*Ukamilifu:* Je, kilichotakiwa kuwepo kipo chote? Miguu imekatwa kwenye kifundo? Vidole vya anayepokea zawadi vimebaki nje ya picha? Na je, kuna kilichozidi, kama ndoo ya deki iliyosahaulika nyuma ya bwana harusi?

*Uwiano:* Vitu vimekaaje, kimoja na kingine? Mstari wa bahari au ukuta umelala upande? Kichwa kimebanwa juu huku chini kuna sakafu tupu nusu ya picha? Mtu anatazama kulia, halafu umemgandamiza ukingo wa kulia hana pa kutazama?

*Mng'ao:* Mwanga unaangukia wapi, na unatuonyesha kitu gani? Hapa tusichanganye mng'ao na weupe. Uso mweusi uliopata mwanga wa dirishani kutoka pembeni unang'aa bila kubadilishwa hata chembe.

Hapo ndipo nilipokosea mimi. Kamera haijui kwamba mbele yake kuna mtoto. Inapima mwanga na kujitahidi kuufikisha kwenye wastani, kama kijivu cha kati. Ikikuta magauni meupe na dirisha linalowaka, inaona mwanga umezidi, inaupunguza. Anayeumia ni uso. Simu nyingi za sasa hutambua nyuso, lakini dirisha kali bado huzichanganya.

Na ujue kwamba tatizo hili lina historia. Kwa miaka mingi ya karne ya 20, maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kutumia kadi za Kodak zilizojulikana kama "kadi za Shirley", na aliyekuwa kwenye kadi hizo alikuwa mwanamke mzungu. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha iliyotoka sawa. Kwa hiyo ukiona uso wa mwenzako umetoka vibaya, usikimbilie kuulaumu uso. Tafuta mwanga.

Ningefanyaje siku ile? Kwanza, ningefuta lenzi ya simu kwa kitambaa laini, maana mafuta ya vidole huleta ukungu, hasa ukielekea dirishani. Pili, ningewaomba watoto wageuke, dirisha liwe mbele yao au pembeni, sio mgongoni. Tatu, ningegusa uso kwenye kioo cha simu ili kipimo kichukuliwe pale, kisha nipunguze mwangaza kidogo mpaka urembo wa lesi kwenye gauni uonekane. Nje nako, jua la saa sita huchimba vivuli machoni. Kivuli cha baraza ni bora zaidi. Kivuli cha mwembe kinafaa pia, ila angalia: majani hurusha rangi ya kijani kwenye nguo nyeupe na kwenye ngozi.

3. Kuediti kwa mpangilio

Iwe unatumia Snapseed, Lightroom au programu iliyokuja na simu, mpangilio huu utakuokoa:

*Tunza picha ya mwanzo.* Fanya kazi kwenye nakala. Mimi nimelipa ada ya somo hili, wewe lichukue bure.

*Nyoosha, kisha kata.* Rekebisha mistari iliyolala, ondoa visivyohitajika pembeni.

*Sawazisha rangi ya mwanga.* Tafuta kitu unachojua ni cheupe, mfano kitambaa cha altare. Kikionekana cha njano, ongeza ubaridi wa bluu. Kikiwa na ukijani wa taa za tyubu au wa majani, sogeza kuelekea zambarau kidogo kidogo.

*Shughulikia mwangaza.* Shusha sehemu angavu, pandisha vivuli kiasi. Kumbuka, weupe uliopitiliza kabisa haurudi, kwa sababu hakuna kilichorekodiwa pale. Giza linaweza kuinuliwa, lakini ukilivuta sana linaleta chengachenga. Kama uso peke yake una giza, inua mwangaza wa eneo hilo tu, uache picha nyingine.

*Rangi na ukali viwe vya mwisho,* na viwe kidogo.

*Ilaze.* Itazame tena asubuhi, kioo cha simu kikiwa na mwanga wa wastani na ile rangi ya njano ya kulinda macho usiku umeizima. Utashangaa ulivyozidisha jana.

Unapoomba maoni, tuma ya mwanzo na uliyoediti, zote mbili. Kwenye WhatsApp zitume kama dokumenti, kwa sababu zikitumwa kawaida hupunguzwa ubora, na mwenzako atakosoa ukungu ambao sio wako.

4. Mpaka uko wapi?

Kuna atakayeniuliza: "Frateri, kwani kuediti kwenyewe sio uongo?" Swali zuri. Ansel Adams, mpiga picha wa Marekani aliyeanza kama mpiga piano, alifananisha negativu na nota za muziki, na picha iliyosafishwa na uimbaji wenyewe. Picha yake maarufu ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, aliipiga mwaka 1941, na kwa miaka mingi aliendelea kuisafisha upya huku anga akilifanya jeusi zaidi. Hakuongeza mwezi. Alituongoza tuone kilichomgusa pale.

Linganisha na hili: Februari 1982, gazeti la National Geographic lilitoa jalada lenye piramidi za Giza. Picha ilikuwa ya mlalo, jalada lilikuwa la wima. Wakazisogeza piramidi kwa kompyuta ili zienee. Mjadala uliozuka baada ya hapo ulikuwa mkubwa, maana msomaji aliamini anaona mahali palivyo, kumbe amepangiwa.

Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: je, aliyekuwepo pale, akiiona picha hii, atasema "ndiyo, ilikuwa hivi"? Na je, aliyepigwa atajitambua bila kuona aibu ya alivyo? Chunusi itakayopona wiki ijayo, mwulize mwenyewe kama anataka iondolewe. Rangi ya ngozi yake, umbo la pua yake, makovu ya maisha yake, hivyo sio vyako kuvirekebisha. Hata ukiombwa umng'arishe, zungumza naye kwanza. Huenda kinachohitaji marekebisho ni neno ambalo mtu aliwahi kumwambia.

5. Kusema, na kupokea

Unapompa mwenzako mrejesho, anza kwa kumwuliza alikuwa anatafuta nini. Huwezi kujua kama mtu amefika bila kujua alikokuwa anakwenda. Kisha chagua jambo moja au mawili. Ukimwagia makosa kumi kwa mpigo, atakata tamaa. Na kama kosa linagusa utu wa mtu, kama lile langu, mwambie faraghani kwanza. Injili ya Mathayo, sura ya 18, inatuelekeza hivyo tunapomwonya ndugu yetu, na kwenye picha pia inafanya kazi.

Unapopokea, nyamaza kwanza. Usianze na "unajua, mwanga ulikuwa mbaya". Andika ulichoambiwa, jaribu, halafu amua. Sio kila ushauri ni sahihi, lakini watu watatu wakikwama mahali palepale, hapo pana jambo. Aristotle alifundisha kwamba mjenzi anakuwa mjenzi kwa kujenga, na akaongeza kwamba kwa kujenga vibaya mtu anakuwa mjenzi mbaya. Yaani mazoezi peke yake hayatoshi. Ndiyo maana tunahitajiana.

Zoezi la wiki hii

Piga picha tatu za mtu mmoja wa nyumbani, mahali pamoja, saa tatu tofauti: asubuhi, saa sita na jioni. Ziediti kwa mpangilio tuliojifunza. Watumie wenzako wawili, kila mmoja akupe jambo moja lililomgusa na jambo moja la kujaribu. Kisha mwonyeshe aliyepigwa, umwulize anajiona yeye?

Halafu jiulize kimya: Ni nani niliyemsifia wakati nilijua ana kosa? Nilikuwa namlinda yeye, au nilikuwa najilinda mimi?

Nimalizie kwa yule binti. Nilikwenda kwao, nikamwomba radhi yeye na mama yake. Alivaa gauni lake tena, tukakaa barazani jioni, ukuta wa mbele ukimrudishia mwanga usoni. Nilimwonyesha kila picha, akachagua mwenyewe. Safari hii nilisawazisha mwangaza tu, nikaacha. Ni picha nzuri, lakini sio ya siku ile, na mimi na yeye tunalijua hilo. Yule rafiki aliyeogopa kunikwaza sasa ndiye ninayemtumia picha zangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Tumekubaliana neno "kali" lisitumike mpaka limefuatwa na "kwa sababu".

Tuombeane. Tukutane somo lijalo.

Frateri wenu