Kwa Nini Duara Limekuwa Yai? Somo juu ya Skrini Pana na Kompyuta Mpya

Katika muhula huu wanafunzi wengi wameniuliza habari za skrini pana iliyomo katika chumba cha kompyuta hapa shuleni Hasamba. Skrini yenyewe ni nzima, na kompyuta iliyounganishwa nayo ni mpya. Hata hivyo picha ilitoka imevutwa kwa upana, na maandishi yalikuwa kama yameingiwa na ukungu. Wengine walisema skrini imekufa. Wengine walisema kompyuta ndiyo haifai. Katika mkutano wa wazazi, baba mmoja aliuliza, tena kwa haki, kama haingekuwa bora vitu hivi viuzwe vinunuliwe vingine.

Fedha za shule ni jasho la wazazi. Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze jambo hili katika gazeti letu, ili kila mtu aone ya kuwa halikuhitaji fedha bali hesabu. Nayo ni hesabu tunayofundisha katika vidato vya chini: kuzidisha, kugawanya na uwiano.

Hasara ya picha iliyovutwa

Msidhani kwamba hili ni jambo la kupendeza macho tu. Siku moja wanafunzi wa kidato cha pili waliletewa kwenye skrini pembetatu yenye pembe mraba na pande mbili zilizo sawa. Kila mwenye kujua jiometri anajua ya kuwa pembe mbili zilizobaki lazima ziwe nyuzi 45 kila moja. Lakini walipoweka rula na kipimapembe juu ya kioo, kimo kilikuwa sentimita 9, kitako sentimita 12, na upande wa mshazari sentimita 15. Pembe moja ilikuwa karibu nyuzi 37, na nyingine karibu nyuzi 53. Duara nalo lilikuwa yai.

Basi fikirini. Mwanafunzi anayeamini macho yake ataandika katika daftari kwamba kanuni ya mwalimu ni ya uongo. Anayesoma jiografia ataiona ramani ya Tanzania imenenepa. Hata kile Kimondo cha Mbozi kilichoko Ndolezi, chenye urefu wa mita 3 hivi, kikipigwa picha kutoka ubavuni kitaonekana kana kwamba kina mita 4. Skrini ya namna hii ni shahidi wa uongo darasani, na shahidi wa uongo ni mbaya kuliko kukosa shahidi.

Skrini ni shamba la nukta

Picha ya skrini imefanywa kwa nukta ndogo sana za mwanga, ambazo mafundi huziita pikseli. Nukta hizo zimepangwa kwa mistari, kama miche ya kahawa katika mashamba yetu ya Mbozi. Mtu akitaka kujua idadi ya miche, huhesabu mistari, akahesabu miche ya mstari mmoja, kisha akazidisha. Skrini nayo ni vivyo hivyo. Hesabu ya nukta za upana na nukta za kimo ndiyo inayoitwa resolusheni.

Skrini ya kawaida ya siku hizi ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Skrini yetu pana ina 2,560 kwa 1,080, yaani nukta 2,764,800. Ziko pana zaidi, zenye 3,440 kwa 1,440.

Sasa tutazame uwiano. Kompyuta za zamani zilikuwa na skrini za 1,024 kwa 768. Gawanyeni namba zote mbili kwa 256, mtapata 4 kwa 3. Namba 1,920 na 1,080 zikigawanywa kwa 120 zatoa 16 kwa 9. Na 2,560 na 1,080 zikigawanywa kwa 40 zatoa 64 kwa 27. Wauzaji huita skrini hizi "21 kwa 9", lakini hilo ni jina la sokoni tu.

Zitazameni tena namba hizo. Nne kwa nne ni 16, na tatu kwa tatu ni 9. Zidisheni tena: 16 kwa nne ni 64, na 9 kwa tatu ni 27. Kwa hiyo kutoka skrini ya zamani hadi ya kawaida, na kutoka ya kawaida hadi iliyo pana, kila hatua upana umezidishwa kwa nne juu ya tatu. Ndiyo sababu kitako cha sentimita 9 kilikuwa sentimita 12. Kompyuta ilipeleka picha ya 1,920 kwa 1,080, na skrini ikaivuta ili ijaze upana wake wote.

Miche 3 katika mashimo 4

Na ule ukungu wa maandishi ulitoka wapi? Tuchukue mfano wa shamba. Umechimba mashimo 4, lakini umeletewa miche 3 tu, nawe umeamriwa usiache shimo tupu. Huwezi kukata mche. Lakini skrini hufanya kitu kama hicho: huchukua rangi ya nukta moja na rangi ya jirani yake, ikazichanganya ili ipate nukta ya nne. Herufi nyeusi iliyokuwa na ukingo mkali juu ya karatasi nyeupe sasa ina ukingo wa kijivu, na macho huuona kama ukungu.

Kwa hiyo tushike kanuni hii: picha huwa safi kabisa pale tu ambapo nukta moja ya kompyuta huangukia nukta moja ya skrini. Hesabu hiyo huitwa resolusheni ya asili ya skrini, nayo huandikwa katika kijitabu chake. Ndiyo namba ya kutafuta kwanza.

Njia nyembamba

Mtauliza: ikiwa kompyuta ni mpya, kwa nini haikupeleka nukta 2,560? Jibu limo njiani, si mwanzoni wala mwishoni.

Kompyuta nyingi mpya zina matundu madogo ya USB-C peke yake. Ili kuziunganisha na skrini lazima kutumia adapta. Adapta nyingine zimefuata kipimo cha matoleo ya kwanza ya HDMI, ambacho hakipitishi zaidi ya nukta milioni 165 kwa sekunde. Sasa tukokotoe. Picha hupelekwa upya mara 60 kila sekunde. Skrini ya kawaida inahitaji 2,073,600 mara 60, yaani nukta 124,416,000. Hizo zapita. Skrini yetu inahitaji 2,764,800 mara 60, yaani nukta 165,888,000. Zimezidi mpaka, hata kabla ya kuhesabu mapumziko mafupi ambayo kompyuta huyaweka kati ya mstari mmoja na mwingine. Kompyuta ilipoona njia haitoshi, ilichagua picha ndogo inayopita, bila kumwambia mtu.

Watu wa Mbozi, ambao reli ya TAZARA hupita kwetu, wataelewa upesi. Reli hiyo ina upana wa milimita 1,067 kati ya chuma na chuma, na reli ya kati ya zamani ina milimita 1,000. Zote mbili ni reli nzuri. Lakini kwa tofauti ya milimita 67 tu, zilipokutana Kidatu palihitajika kituo cha kuhamishia mizigo. Hakuna aliyesema reli mojawapo ni mbovu.

Dawa yetu haikugharimu hata senti. Katika mipangilio ya skrini tulipunguza mara 60 hadi mara 50 kwa sekunde. Namba 2,764,800 mara 50 ni 138,240,000, na hata ukiongeza mapumziko mafupi hufiki milioni 165. Mara ile namba 2,560 kwa 1,080 ilitokea katika orodha. Tulipoichagua, duara lilirudi kuwa duara, na pembe zikawa nyuzi 45. Kwa kazi ya kusoma na kuandika, tofauti ya 60 na 50 haionekani.

Anayenunua adapta leo na aulize kwanza. HDMI ya toleo la 1.3, lililotolewa mwaka 2006, ilipandisha mpaka hadi nukta milioni 340 kwa sekunde, nayo yatosha hata kwa skrini ya 3,440 kwa 1,440.

Skrini hubisha hodi

Yako matatizo mengine ya njiani. Tangu mwaka 1994 skrini zimewekewa desturi ya kujitambulisha. Waya ukichomekwa, skrini huieleza kompyuta vipimo vyake, kama mgeni anayebisha hodi na kutaja jina lake. Waya ukiwa umekatika ndani, au kifaa cha kugawa picha kikiwekwa katikati, maneno hayo huweza kupotea. Ndipo kompyuta humpa mgeni kiti cha kila mtu, pengine 1,024 kwa 768, nayo picha huvutwa zaidi.

Wala msidhani shida hizi huwapata wenye vifaa vya bei rahisi peke yao. Kampuni ya Apple ilipotoa kompyuta zake za M1 mwezi Novemba 2020, ilikiri baadaye ya kuwa baadhi ya skrini pana hazikuonyeshwa resolusheni zake zote, ikaahidi kusahihisha jambo hilo katika mfumo wake. Upya wa kompyuta si dhamana ya kupatana na kila kitu.

Kukuza maandishi si kupunguza nukta

Baada ya picha kuwa sahihi, wanafunzi wa nyuma walisema herufi ni ndogo. Mmoja wao, ambaye macho yake hayaoni mbali, alikuwa ameizoea picha ile ya kwanza kwa sababu herufi zake zilikuwa kubwa. Wengi hapa hukimbilia kupunguza resolusheni, na kumbe wanarudisha ukungu na yai.

Njia iliyo bora ni kuacha resolusheni ya asili na kuiagiza kompyuta ikuze maandishi kwa asilimia 125 au 150. Herufi yenye kimo cha nukta 16, ikikuzwa kwa asilimia 150, itachorwa upya kwa nukta 24. Haikuvutwa, imechorwa kwa nukta nyingi zaidi, kwa hiyo ni kubwa na ni safi. Lakini programu nyingine za zamani hazijui amri hiyo. Hizo kompyuta huzichora ndogo kisha huzivuta, na ukungu hubaki katika dirisha la programu hiyo peke yake. Ukiona hivyo, kosa ni la programu, si la skrini.

Mambo ya kufanya kwa mpangilio

1. Soma resolusheni ya asili katika kijitabu cha skrini, na uilinganishe na ile iliyochaguliwa katika kompyuta.

2. Chora duara, ulipime kwa rula, upana na kimo. Vipimo vikitofautiana, picha imevutwa.

3. Ikiwa namba sahihi haimo katika orodha, chunguza waya na adapta, kisha jaribu kupunguza mara kwa sekunde.

4. Sasisha programu inayoendesha sehemu ya picha ya kompyuta.

5. Yote yakishindikana, chagua 1,920 kwa 1,080, na kwa vitufe vya skrini uiagize ilinde uwiano. Utaona weusi wa nukta 320 kila upande, lakini picha itasema kweli. Ni afadhali picha nyembamba iliyo ya kweli kuliko pana iliyo ya uongo.

6. Mwisho kabisa, kuza maandishi kwa ajili ya walio mbali.

Nawaomba wanafunzi wasiseme "imeharibika" kabla ya kupima. Vifaa viwili vizima vyaweza kutosikilizana, na kazi ya msomi ni kutafuta ni wapi maneno yao yanapotea. Na wazazi nawahakikishia ya kuwa skrini ile ipo, inafanya kazi, wala haikuuzwa.

Maswali ya kujipima

1. Skrini ya 3,440 kwa 1,440 ina uwiano gani ukirahisishwa? Je, ni sawa na 64 kwa 27?

2. Skrini hiyo ikipelekewa picha mara 60 kwa sekunde, nukta ngapi zitapita kwa sekunde moja bila kuhesabu mapumziko? Je, zitapita katika njia ya milioni 165? Na ya milioni 340?

3. Picha ya 4 kwa 3 imevutwa ijaze skrini ya 64 kwa 27. Duara lenye kimo cha sentimita 9 litakuwa na upana gani?

4. Mraba umevutwa kwa nne juu ya tatu. Eneo lake limeongezeka kwa sehemu gani?

Atakayejibu yote manne na alete daftari lake nilisahihishe, lakini aonyeshe njia, si jibu peke yake.